Boksi la Viatu: Magombo, Madalali na Vipande Feki vya Biblia

(Haya ni maongezi niliyotoa kwenye semina ya vijana wa usharika wetu Jumamosi jioni. Watu wameomba niyaweke kwa maandishi, basi nimeyaandika kama nilivyoongea, nimetoa tu pale umeme ulipokatika.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo? Bwana Yesu asifiwe.

Mwinjilisti aliniomba nije niongee kuhusu akiolojia na Biblia, na naona hapo ukutani mmeandika hivyohivyo kwa maka pen, lakini nikiri mapema mimi si mwanaakiolojia, mimi ni mlevi wa riwaya tu. Zile riwaya za kusisimua za kidini, mnazijua, hata kama hujasoma utakuwa umeona muvi zake. Ukurasa wa kwanza profesa anauawa usiku makumbusho, mkononi kashika kipande cha ngozi chenye maandishi ya Kiebrania, ukurasa wa kumi anatokea binti yake anayejua lugha saba, halafu kuna padre mwembamba mwenye kovu shavuni anawakimbiza na gari jeusi, na siku zote, siku zote, hicho kipande kina siri ambayo ikitoka tu kanisa linaanguka kesho yake asubuhi. Nimezisoma nyingi mno. Moja ilinipitiliza kituo, nilikuwa nashuka Himo nikaja kushtuka niko Mwanga.

Sasa nikaanza kufuatilia zile stori za kweli ambazo hawa waandishi wanaziibia, na nilichokuja nacho leo ni kimoja tu. Riwaya zinauliza "kimeandikwa nini?" na sisi wasomaji tunauliza hivyohivyo, kumbe moto wote, hela, uongo, mpaka watu kufa, uko kwenye swali lingine la kawaida kabisa ambalo hata mama anayenunua mchele sokoni analiuliza: umetoa wapi?

Nianze na aibu yangu. Kuna ile picha ya mifupa ya jitu kubwa imelala shimoni, juu yake kuna mtu kasimama mdogo kama sisimizi, chini imeandikwa haya ndiyo majitu ya Mwanzo 6 yamechimbuliwa. Naona mnacheka, maana wengine hapa mmeitumiwa na mimi! Niliisambaza kwenye grupu la familia, grupu la kwaya na grupu la wazazi wa shule. Baadaye ndo nikajua ile picha imetengenezwa na mtu kwenye shindano la kuchezea picha kwa kompyuta mwaka 2002, na lile shimo la ukweli lilikuwa Hyde Park, New York, mwaka 2000 walikuwa wanachimba mifupa ya mnyama wa kale jamii ya tembo. Mtengenezaji wala hakuwa anadanganya mtu, alikuwa anashindania zawadi, waongo tukawa sisi tuliosambaza bila kuuliza ile picha imetoka wapi.

Haya. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi viatu pembeni ya stendi. Alikuwa na boksi la viraka, boksi la karatasi ngumu limejaa mabaki ya ngozi, ulimi wa kiatu cha jeshi, kisigino, mkanda wa mkoba wa mtu aliyesahau kuja kuchukua, na ukimpelekea kiatu alikuwa anaingiza mkono mle bila kutazama, anapapasa, anatoa kipande cha ngozi ileile, unene uleule. Alikuwa anaijua ngozi kwa vidole. Nawaambia hivi kwa sababu stori yote ya leo inazunguka kwenye viatu, mtaona, mwanzoni nilidhani ni mimi tu naona viatu kila mahali.

Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947, vijana wa Kibedui wa kabila la Ta'amireh wanachunga karibu na Bahari ya Chumvi, sehemu inaitwa Qumran. Mmoja wao, aliyeitwa Muhammed edh-Dhib, ndiye anayetajwa sana. Jiwe likarushwa kwenye tundu la mwamba, ndani kikasikika chungu kinavunjika. Kuja kuingia, mitungi, na ndani ya mtungi magombo ya ngozi, yaani vitabu vya kale vya kukunjwa kama mkeka, yamefungwa kitambaa. Magombo saba ndiyo yakatoka kwenye pango lile kwa awamu. Wakayapeleka Bethlehemu kwa nani? Kwa fundi viatu! Khalil Iskandar Shahin, maarufu kwa jina la Kando, Mkristo wa Kanisa la Siria, ana duka na anashona viatu. Wapo wanaosimulia kwamba ilifikiriwa ile ngozi labda ingefaa kwa kamba za viatu. Hebu waza, Isaya wa miaka elfu mbili na kitu, sura zote 66, urefu mita 7 na zaidi, amekaa pale kwenye harufu ya gundi anasubiri kuamuliwa kama ni gombo au ni soli.

Magombo manne Kando akayafikisha kwa askofu wake mkuu, Mar Athanasius Samuel, pale monasteri ya Mtakatifu Marko Yerusalemu, kwa pauni 24. Mengine matatu yakaenda kwa profesa Sukenik wa Chuo Kikuu cha Kiebrania. Huyu Sukenik mara ya kwanza alionyeshwa kipande na mfanyabiashara Mwarmenia kupitia uzi wa seng'enge, kwa sababu Novemba 1947 Yerusalemu ilikuwa imekatwa vipande na Waingereza na bila pasi huvuki, akakodolea macho zile herufi huku waya ukiwa katikati yao. Halafu akapanda basi la Waarabu kwenda Bethlehemu, Myahudi peke yake, tarehe 29 Novemba, siku ileile Umoja wa Mataifa unapiga kura kuigawa Palestina, mkewe alishamkatalia, akaenda hivyohivyo. Akarudi na magombo kwapani. Ningeandika hivi kwenye riwaya mhariri angenirudishia aniambie nimezidisha chumvi.

Ila sehemu ninayoipenda mimi ni ya 1954. Askofu Samuel keshahamia Marekani na magombo yake manne, kila mtu anaogopa kununua maana haieleweki mali ni ya nani, ya Jordan au ya nani. Tarehe 1 Juni akaweka tangazo kwenye gazeti la Wall Street Journal, tangazo dogo, ukurasa wa wanaouza vitu mbalimbali, kwamba kuna magombo manne ya Bahari ya Chumvi yanauzwa, yatafaa kama zawadi kwa taasisi ya elimu au ya dini. Yaani kama mtu anauza friji! Bahati nzuri Yigael Yadin, mtoto wa marehemu Sukenik, yuko Marekani wakati huo, akaonyeshwa tangazo. Akijitokeza kama Mwisraeli dili linakufa, kwa hiyo akamtumia dalali, na bei ikafungwa kwa dola 250,000. Kabla ya kulipa wakamwita mtaalamu, profesa Harry Orlinsky, wakamwambia leo jina lako ni Bwana Green, panda teksi uende hoteli ya Waldorf-Astoria, pale kuna benki, shuka kwenye chumba cha chini cha kuhifadhia mali, kagua mzigo, usiongee sana, ukiridhika piga namba hii useme neno moja la Kiebrania, "lechayim", yaani uzima. Mzee wa watu akaenda, akakagua, akapiga simu, akasema.

Kariri hilo jina, Bwana Green, tutarudi kwake.

Sasa mtauliza, humo ndani kulikuwa na ile siri ya kuangusha kanisa? Gombo la Isaya lilikuwa la kale kuliko nakala zote za Isaya za Kiebrania zilizokuwa zinajulikana, kwa miaka kama elfu moja, na likafunguliwa, likasomwa, ni Isaya. Tofauti zipo nyingi lakini karibu zote za tahajia, na mahali pengine neno. Mfano Isaya 53:11, Biblia zetu za Union Version zinasema "Ataona mazao ya taabu ya nafsi yake", kwenye gombo kuna neno la ziada, ataona *nuru*. Mimi neno hilo moja limenikalisha kimya kuliko yale mapadre wote wenye makovu. Kwamba kuna mwandishi kainama jangwani kaandika nuru, na mwandishi mwingine nakala yake haina, na sisi tumeimba ile sura kila Ijumaa Kuu bila kujua kuna nuru imechungulia pale. Lakini kitabu cha namna hiyo hakiuziki stendi.

Kando naye hajaisha. Miaka ilivyokwenda Qumran ikafikisha mapango 11, na huyu fundi viatu akawa ndo mlango wa biashara yote, serikali ya Jordan wakati fulani ikawa inanunua vipande vya pango la nne kwa kipimo cha sentimita ya mraba, kama vitenge. Kuna gombo moja alilificha. Yadin alijua lipo, maana miaka ya nyuma alikuja mtu wa kati akataka kumuuzia, Yadin akatoa dola 10,000 za utangulizi, zikaliwa, kimya. Juni 1967 vita ya siku sita, Israeli wakaingia Bethlehemu, Yadin wakati huo ni mshauri wa serikali, akatuma wanajeshi nyumbani kwa Kando. Gombo likatolewa chini ya vigae vya sakafu, na lilikuwa ndani ya nini? Boksi la viatu la Bata! Bata hiihii tuliyonunuliwa viatu vya shule Januari. Gombo la Hekalu, zaidi ya mita 8, refu kuliko mengine yote, limekaa kwenye boksi la Bata, unyevu umelila sehemu ya juu. Mwishowe Kando akalipwa dola 105,000. Sasa hapo nani mwizi, nani mwokozi? Mimi nikimsoma Kando namuona mzee wangu kabisa, kwa hiyo msiniulize nihukumu.

Turudi kwa Bwana Green. Kuanzia 2002 hivi vikaanza kuonekana sokoni vipande vipya vya magombo, kama 70, vidogo, vingine kama kucha, na cha ajabu vingi vina mistari ya Biblia ambayo watu wangependa kuwa nayo, wakati magombo ya ukweli yamejaa pia kanuni za jumuiya, kalenda, nyimbo zao. Ukiuliza kimetoka wapi, jibu ni moja: mkusanyo wa familia. Familia gani, Uswisi huko. Na jina la Kando lilikuwa linatajwa sana kwenye hizo stori, maana jina hilo lilishakuwa risiti. Familia moja tajiri ya Marekani, wenye maduka ya Hobby Lobby, ikanunua 16 kati ya 2009 na 2014 kwa ajili ya Makumbusho ya Biblia kule Washington. Mwenyekiti wake? Steve Green. Sikutunga mimi, jamani. Mwaka 1954 Green wa uongo alikagua magombo ya kweli, miaka zaidi ya hamsini baadaye Green wa kweli kauziwa magombo ya uongo.

Makumbusho ikafunguliwa Novemba 2017 na wasomi walishaanza kunung'unika. 2018 vitano vikapimwa Ujerumani, vikafeli, vikatolewa kabatini. Machi 2020 ripoti kamili ikatoka, mpelelezi wa sanaa Colette Loll na timu yake wamepima vyote 16, na vyote ni feki. Walijuaje? Hapa ndo nilitaka mzee wangu angekuwepo. Magombo ya kweli mengi ni ngozi iliyosafishwa manyoya na kutengenezwa kwa namna yake ili iandikwe, hivi vingine karibu vyote vilikuwa ngozi ya kawaida, nene, yenye matuta, ile ya kutengenezea vitu, ni ya kale kweli lakini imekuja kuandikwa juzi. Kipande kimoja kina vitundu vimejipanga, na wakasema vinafanana na vya viatu vya zama za Warumi. Viatu! Mtu kaokota kiatu cha miaka elfu mbili, kakikata, kakipaka kitu kinachong'aa rangi ya asali, yaelekea gundi ya wanyama, kisha kaandika Neno la Mungu juu yake. Na wino ukamuumbua, maana kwenye darubini umeonekana umetiririka ndani ya nyufa na umemwagikia kwenye kingo zilizochanika. Yaani ngozi ilichanika kwanza, ikazeeka, ndo mtu akaja kuandika. Mzee wangu asingehitaji darubini, angekipapasa tu akakutupia, "hii kanda ya kiatu hii".

Makumbusho yenyewe, tuwape haki yao, walilipia huo uchunguzi na wakaitangaza aibu yao wazi. Ila kampuni yao ya Hobby Lobby ilishatoa dola milioni 3 mwaka 2017 kuyamaliza na serikali ya Marekani kuhusu maelfu ya vitu vya Iraki vilivyoingizwa kimagumashi, sasa unajiuliza, mtu anayenunua kwa haraka hivyo alikuwa anatafuta nini. Mimi najua alichokuwa anatafuta. Nilichokuwa natafuta mimi kwenye ile picha ya jitu.

Na wasomi wakubwa nao wamo, msidhani ni matajiri tu. Septemba 2012 profesa Karen King wa Harvard alisimama Roma akatangaza kipande cha mafunjo, ile karatasi ya kale ya matete, sentimita 4 kwa 8, kwa Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, kina maneno "Yesu akawaambia, mke wangu", na hapo kinakatika! Duniani kote magazeti yaliwaka. Kipimo cha kaboni, kile cha kujua umri wa kitu, kikasema mafunjo ni ya kale, na ni kweli yalikuwa ya kale, karatasi tupu ya zamani inapatikana, ni kama ile ngozi ya kiatu. Lakini huyo mwenye kipande alikuwa ametoa na kingine cha Injili ya Yohana, na 2014 msomi mmoja, Christian Askeland, akagundua hicho cha Yohana kimenakiliwa kutoka kitabu kilichochapishwa 1924, kwa kuruka mstari mmoja mmoja, kila mstari unaanzia palepale unapoanzia kitabuni, tena mwandiko ni uleule wa kipande cha mke. Na wengine wakaonyesha hicho cha mke kimechukua mpaka kosa la uchapaji lililokuwa kwenye tafsiri moja ya Injili ya Tomaso, injili ya kale isiyomo kwenye Biblia, iliyopo intaneti. Yaani kakopi na kosa, kama mtoto wa darasa la sita aliyeiga mpaka jina la mwenzake. 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar akafanya kile ambacho hakikufanywa kwa miaka minne, akafunga safari kwenda kumtafuta mwenye kipande, akamkuta Florida, Mjerumani aliyewahi kusoma mambo ya Misri ya kale akaacha. Makala ilipotoka profesa mwenyewe akakubali mizani imeegemea kwamba ni feki. Walipima wino, walipima mafunjo, walibishana sarufi ya Kikopti, na mtu mmoja akaenda kugonga mlango.

Mama mchungaji ananionyesha saa. Nimalizie na moja, hii inanisumbua, kwa sababu inaligeuzia kibao hilo swali langu ninalojivunia.

1883, miaka 64 kabla ya Qumran, mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Yerusalemu, Moses Shapira, alitua London na vipande kama 15 vya ngozi nyeusi inayonuka kama lami, vina maneno ya Kumbukumbu la Torati kwa herufi za Kiebrania cha kale sana, lakini maneno yenyewe hayakuwa sawasawa na yetu. Akataka pauni milioni moja. British Museum wakaweka viwili kwenye kabati la kioo, watu wakapanga foleni. Ukimuuliza umetoa wapi, anasema kwa Mabedui, walivikuta pangoni mashariki ya Bahari ya Chumvi, vimefungwa kitambaa. Watu wakacheka. Pango gani, Mabedui gani, ngozi gani itakaa miaka elfu mbili na zaidi bila kuoza? Na Shapira alikuwa na doa, miaka kumi nyuma aliwauzia Wajerumani vyungu 1,700 vya Wamoabu, vyote vikaja kuwa feki, na aliyeshupalia kuvifichua ni Mfaransa Clermont-Ganneau. Huyohuyo akaja London, akanyimwa kuvikagua, akaenda kusimama kwenye foleni na wananchi, akachungulia kwenye kioo, akatoka akasema feki, zimekatwa pembezoni mwa gombo la sinagogi. Mtaalamu wa makumbusho, Ginsburg, aliyekuwa amekaa navyo wiki kadhaa, naye akasema feki. Shapira akamwandikia kwamba umenifanya mjinga na sidhani nitaweza kuishi na aibu hii. Akazunguka Ulaya miezi, na Machi 1884, kwenye chumba cha hoteli Rotterdam, akajipiga risasi.

Halafu 1947 ndo hiyo. Mabedui, pango, Bahari ya Chumvi, kitambaa, ngozi. Kila kilichochekwa.

2021 msomi Idan Dershowitz akaandika kwamba vile vipande vilikuwa vya kweli, wengine wakampinga vikali, na kulimaliza ingekuwa kazi ya asubuhi moja maabara, kasoro vipande vyenyewe havipo. Viliuzwa mnadani 1885 kwa pauni 10 na shilingi 5, na mara ya mwisho vinajulikana kuonyeshwa ni 1889, kwenye mji wa Burton-on-Trent, na daktari mmoja mpenda vitu vya asili. Hapo stori inakata.

Daktari akafa, mjane naye akafa, vitu vya nyumba vikagawanywa. Mimi nawaza tu siku ile mtu anafungua droo, anakuta mabaki meusi ya ngozi, yananuka lami, hayasomeki. Mzee wangu angeyakuta angeyapapasa kidogo, kisha angeyatia kwenye boksi la viraka.